Kabla Hujamvuta Mtu Mgongo, Ujue Umeshika Nini



Juzi baada ya Alasiri mpwa wangu, mwana wa dada yangu mkubwa, alinijia barazani na daftari kwapani. Kijana amemaliza skuli na anajitayarisha, InshaAllah, kwenda Durban, Afrika Kusini, kusomea kairopraktiki, yaani tiba ya mgongo na viungo kwa kutumia mikono. Mamake hajaridhika. "Nimekusomesha miaka yote hii ukawe mvuta migongo? Wachuaji si hawa tele mitaani?" Ndivyo alivyomwambia, na mimi nilikuwepo.

Lakini siku hiyo kijana hakuja kulalamika juu ya mamake. Alikuwa analalamika juu ya vitabu.

"Mjomba, masomo ya mwanzo yote ni mwili tu. Mifupa, neva, damu, figo. Mimi nataka nifunzwe mikono. Haya mengine ni ya nini?"

Mimi diploma yangu ni ya ualimu na nimesomesha sayansi miaka kadhaa, kwa hivyo swali hilo si geni kwangu. Sikumjibu kwa kitabu. Nilimkumbusha kisa cha jirani yetu, na kisa chenyewe nitawahadithia na nyinyi, kwa sababu hakimhusu mpwa wangu peke yake. Kinamhusu kila mwenye mgongo.

Jirani yetu huyo alikuwa hamali. Mwanamume wa arubaini na kitu, ana nguvu zake, gunia kwake ni mzaha. Siku moja aliinama kubeba, akasikia kama umeme umempita kutoka kiunoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Akapelekwa kwa fundi wa viungo. Fundi akamlaza kifudifudi, akampanda mgongoni, akamzungusha kiuno. Pakalia mlio, ko! Wote waliokuwepo wakasema alhamdulillahi, mfupa umerudi mahali pake.

Usiku ule akaanza kuhisi ganzi mapajani kwa ndani na pale mtu anapokalia. Asubuhi mkojo hautoki. Wakasema ni joto, wakampa maji ya madafu. Siku ya tatu ndipo alipofikishwa hospitali, na akafanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Leo yu hai, anatembea kwa mkongojo, lakini mkojo haukurudi kuwa kama zamani na gunia hajabeba tena.

Siwezi kuapa kwamba ni yule fundi aliyemuumiza. Huenda mgongo ule ungepasuka hata kama asingeguswa. Wala fundi hakutaka shari. Ninachojua ni kwamba siku tatu zilipotea, na zilipotea kwa sababu hapakuwa na mtu mmoja katika nyumba ile aliyejua kwamba ganzi ya pale mtu anapokalia pamoja na mkojo kuziba ni habari moja. Hilo ndilo somo la fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Nikamwambia mpwa wangu akae vizuri, tukaanza.

Fani yenyewe ilianzaje

Mwaka 1895, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mtu aitwaye Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa kile alichokiita sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo mfagizi wa jengo alilofanyia kazi. Mfagizi huyo, Harvey Lillard, alikuwa na uziwi. Palmer akatangaza kwamba masikio yamefunguka. Mwaka 1897 akaanzisha skuli. Jina kairopraktiki limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kutenda kwa mkono.

Sasa hapa ndipo elimu ya mwili inapouliza swali lake la kwanza. Neva ya kusikia haipiti mgongoni. Inatoka ndani ya sikio na kuingia ubongoni moja kwa moja. Ni ya 8 katika zile jozi 12 za neva za kichwa. Basi kusukuma pingili ya mgongo kunamfunguaje mtu masikio? Palmer hakukomea hapo. Baadaye aliandika kwamba asilimia 95 ya maradhi yote yanatokana na pingili zilizohama. Madai hayo hayakusimama. Sukari, presha, pumu na malaria hazitibiwi kwa kusukuma mgongo, na atakayekuambia zinatibika hivyo, mwombe radhi uondoke zako.

Lakini tusitupe jungu kwa sababu ya masizi. Kwa maumivu ya mgongo wenyewe, mikono iliyofunzwa ina nafasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, na limeitaja tiba ya mgongo kwa mikono kuwa moja ya njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Si jambo dogo, maana mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikadiriwa kuwa na maumivu ya kiuno.

Na dada yangu anayedhani ni kazi ya kujifunza kwa wiki mbili, shirika hilo hilo liliandika mwaka 2005 kwamba mtu asiyekuwa daktari akitaka kuwa mtaalamu wa kairopraktiki anahitaji masomo yasiyopungua saa 4,200, na ndani yake saa 1,000 za kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Kwa nini saa zote hizo? Tuendelee.

Mwili una mizani yake

Neno la kwanza katika daftari la kijana lilikuwa homeostasisi. Alilikunjia uso, lakini maana yake tunaijua kila siku. Ni mwili kuilinda hali yake ya ndani isiyumbe hata kama nje kunayumba.

Kaskazi ikishika, jua la Mombasa linachoma, lakini damu yako inabaki karibu na nyuzi 37. Ubongo ukihisi joto limezidi, unaamuru mishipa ya damu ya ngozi ifunguke na jasho litoke. Jasho likikauka linaondoka na joto. Ukifunga Ramadhani, kufikia adhuhuri chakula cha daku kimekwisha kusagwa, lakini sukari ya damu haianguki ovyo. Ini linatoa akiba yake polepole kwa amri ya homoni iitwayo glukagoni. Ukifuturu kwa tende na uji, sukari inapanda, na homoni nyingine, insulini, inaishusha kwa kuiingiza ndani ya seli. Huku panda, huku shuka, mizani inatafuta kutulia.

Hili linahusu nini mgongo? Linahusu sana. Ukiumia mgongo, misuli iliyo jirani hukaza yenyewe, ikawa migumu kama ubao. Wengi hudhani kukaza huko ndiyo maradhi. Mara nyingi ni mwili umeweka walinzi mlangoni ili usilitikise pale palipoumia. Ukija na kuwavunja walinzi kwa nguvu kabla hujajua wanalinda nini, unaweza kufungua mlango wa balaa.

Na kuna jambo jingine ambalo kila anayetibu watu anapaswa kulikiri mbele ya Mola wake. Maumivu mengi ya kiuno yanayoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, kwa sababu mwili hujitengeneza. Basi sifa humwendea aliyekuwa karibu siku hiyo: mchuaji, mwenye dawa za mitishamba, daktari, au mwenye mkanda wa kuuza. Mwanafunzi asiyelijua hili atajisifu kwa kazi ambayo Mwenyezi Mungu ameshaiweka ndani ya mwili wenyewe.

Mgongo si fimbo

Wengi tunauchukulia mgongo kama fimbo moja. Mtoto anapozaliwa ana pingili 33. Za shingo ni 7, za kifua 12, za kiuno 5. Chini yake kuna 5 ambazo ukubwani huungana kuwa mfupa mmoja katikati ya nyonga, na mwisho kabisa, kwa kawaida, 4 ndogo zinazofanya kifandugu. Zinazobaki zikicheza ni zile 24 za juu.

Mfupa nao si jiwe. Uko hai. Ndani ya uboho wake mwekundu ndimo chembe za damu zinamotengenezwa, na mfupa ndio ghala la kalsiamu ya mwili mzima. Kila siku mfupa mkuukuu unabomolewa na mpya unajengwa. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni inapungua, ubomoaji unaushinda ujenzi, na mifupa inaweza kuwa myepesi kama mkate wa mofa uliokauka. Ndiyo sababu bibi wa miaka sabini anayelalamika mgongo hapandwi mgongoni. Pingili yake inaweza kuwa imeshabonyea, na mkandamizo mmoja ukaivunja.

Kati ya pingili na pingili kuna diski, kama kisahani. Jumla yake ni 23. Nje ina pete ngumu ya nyuzi, ndani ina ute mzito uliojaa maji. Kazi yake ni ile ya springi za gari, kupokea kishindo. Ila diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake isipokuwa kidogo pembeni. Inapata chakula kama sifongo: ukisimama na kubeba, maji yanakamuliwa, ukilala, yanarudi. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni, kwa sentimita moja hivi au hata mbili. Jipime ukutani kabla ya Alfajiri na tena baada ya Isha, utaona mwenyewe.

Na kwa kuwa haina damu ya kutosha, diski ikichanika hupona polepole sana. Pia inahitaji mwendo ili ipate chakula. Anayeumwa kiuno akalala kitandani wiki tatu anaunyima mgongo wake riziki.

Tufanye hesabu ndogo. Misuli inayounyanyua mgongo imekaa kama sentimita 5 nyuma ya kitovu cha diski. Ukishika mtungi wa lita 20, yaani kilo 20, mikono ikiwa mbele sentimita 40, mtungi uko mbali mara 8 kuliko misuli. Basi misuli inavuta kama kilo 160 ili kuuzuia, na hapo hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe kilichoinama. Uzito wote huo unaishia kwenye visahani vile viwili vya chini kabisa vya kiuno. Ukausogeza mtungi ukagusa tumbo, hesabu inashuka sana. Hamali hawakosei wanapolisogeza gunia hadi likawagusa mwili kabla ya kulinyanyua. Kosa huja pale mtu anapochoka, akanyanyua kwa mbali huku amezungusha kiuno. Hapo pete ya nje huchanika, ute ukasukumwa nyuma. Na nyuma ndiko waliko wenyewe, neva.

Waya na mkia wa farasi

Ndani ya tundu la pingili unapita uti wa mgongo, waya mkuu kutoka ubongoni, wa urefu wa kama sentimita 45. Kutoka ndani yake zinachipuka jozi 31 za neva. Nyingine zinapeleka amri kwa misuli, nyingine zinaleta habari: joto, baridi, mguso, maumivu.

Habari hizo hazisafiri kwa mwendo mmoja. Neva nene zenye kuvikwa ala ya mafuta zinaweza kufikisha mita 120 kwa sekunde. Neva nyembamba za maumivu ya kuunguza hazifiki hata mita 2 kwa sekunde. Ndiyo sababu ukijigonga kidole cha mguu kwenye mguu wa kitanda, kwanza unahisi mkato, kisha baada ya kitambo ndipo yale mateso yenyewe yanakuja. Na ukishika sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujasema "ah!" Amri hiyo haikungoja ubongo, uti wa mgongo wenyewe umeamua.

Hapa pia tunapata jibu kwa nini kuchua kunasaidia. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kama mlango. Habari za mguso zikija kwa wingi, zinaweza kulibania njia lile wimbi la maumivu. Mtoto akianguka, mama humsugua goti, na mtoto hunyamaza. Nyanya zetu waliokuwa wakituchua kwa mafuta ya nazi hawakuujua mlango huo kwa jina, lakini walijua kuufunga. Kwa hivyo asije mtu akasema nawadharau wachuaji. Mkono mpole wenye mafuta ya vuguvugu ni rehema. Ninachokihofia ni kuvuta kwa kushtukiza, kuzungusha kwa nguvu na kupanda mtu mgongoni.

Turudi kwenye uti. Watu wengi hawajui kwamba kwa mtu mzima uti wenyewe unaishia juu ya kiuno, kwenye pingili ya kwanza au ya pili. Chini ya hapo hakuna uti tena. Kuna fungu la neva zinazoning'inia, na madaktari wameliita mkia wa farasi kwa sababu ndivyo linavyoonekana. Kutoka hapo na jirani zake zinajengwa neva za miguu, ikiwemo ile nene kuliko zote mwilini inayopita matakoni na nyuma ya paja. Diski ikiukandamiza mzizi mmoja wa neva hiyo, maumivu yanateremka mguuni, kama umeme wa jirani yetu.

Lakini katika mkia huo zimo pia neva za kibofu, za njia ya haja kubwa, na za ngozi ya pale mtu anapokaa juu ya tandiko la farasi au baiskeli. Diski ikitoka nzima na kulikandamiza fungu lote, alama zinakuja pamoja: ganzi ya tandiko, mkojo kuziba au kuponyoka, miguu kulegea. Hapo madaktari huhesabu saa, si siku. Neva iliyobanwa muda mrefu inakufa, na iliyokufa haivutwi ikarudi.

Kijana alinyamaza kidogo. "Kwa hivyo yule jirani, lile joto walilosema..."

"Halikuwa joto, mwanangu. Ilikuwa ni waya umebanwa."

Ule mlio si mfupa kurudi

Sasa ule mlio wa ko! Karibu kila mtu anaamini ni sauti ya mfupa unaorudi mahali pake. Sivyo. Viungo vinavyocheza vimefungwa ndani ya mfuko wenye ute wa kulainisha. Ukiivuta mifupa miwili iachane ghafla, nafasi inapanuka, kani ndani ya ute inashuka, na gesi iliyoyeyuka humo inafanya pango mara moja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walimpiga mtu picha za mashine ya sumaku wakati vidole vyake vikivutwa, na wakaliona pango hilo likitokea papo hapo na mlio. Ndiyo maana ukishavunja vidole huwezi kuvivunja tena mara moja. Lazima ungoje kama dakika 20, gesi iyeyuke upya.

Maana yake ni nini kwa mgonjwa? Mlio hauthibitishi kwamba umepona. Na ukikosekana, hauthibitishi kwamba hukutibiwa. Pingili iliyohama kweli kweli, kwa mfano baada ya kuanguka mnazini au ajali ya bodaboda, ni dharura ya hospitali na picha ya eksrei, wala haiguswi kwa mkono wa mtu yeyote mtaani.

Shingo ina siri yake

Nimebakisha shingo makusudi. Pingili za shingo zina vitundu pembeni, na ndani ya vitundu hivyo zinapanda ateri mbili, kulia na kushoto, kupeleka damu nyuma ya ubongo. Karibu na fuvu zinapinda kona kali. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na kwa ghafla, utando wa ndani wa ateri unaweza kuchanika, damu ikaganda, na donge likasafiri ubongoni. Hicho ni kiharusi. Hutokea kwa nadra, hilo lazima tuseme kwa haki. Lakini kikitokea hakirudishwi, na kinaweza kumpata hata kijana.

Kwa hivyo ukienda kunyoa, na kinyozi akamalizia kwa kukushika kidevu na kisogo ili "akuvunje shingo" kama bakshishi, mwambie ahsante, imetosha. Na mtu mwenye maumivu mapya makali ya shingo au kisogo, kizunguzungu, kuona viwili viwili, au ulimi mzito, huyo haguswi shingo kabisa. Anapelekwa hospitali.

Haya yakionekana, usichuliwe

Nilimwambia mpwa wangu aandike ukurasa wa kwanza wa daftari lake, na wewe msomaji ubandike jikoni. Mgongo unaouma ukifuatana na mojawapo ya haya, nenda hospitali kwanza:

Mkojo au choo kuziba au kukuponyoka, au ganzi ya pale unapokalia. Hii ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Mguu unaozidi kulegea, au unaoburura kandambili bila kukusudia.

Homa, jasho la usiku na kukonda. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu; kinaweza kula pingili za mgongo, na hapa kwetu maradhi hayo hayajaondoka. Pingili iliyoliwa hivyo ikisukumwa huporomoka.

Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, au kwa mtu mzee hata akiwa ameteleza tu.

Mtu aliyewahi kuugua saratani, au maumivu yasiyopungua hata ukiwa umelala umetulia.

Na ukiwa huna hata moja kati ya hizo, basi tulia. Tembea, usilale kitandani siku nzima, jikande kwa maji ya moto, chuliwa taratibu ukipenda, sali kwa kadiri ya uwezo wako, na rukuu ikikushinda kiti si aibu. Mikanda ya kiuno tunayouziwa kwa bei kubwa, mwongozo ule wa 2023 haukuipendekeza kwa maumivu sugu. Pesa hiyo nunulia samaki.

Na ukienda kwa yeyote anayetibu mgongo, mwenye cheti au asiye nacho, angalia jambo moja. Je, amekuuliza maswali kabla ya kukugusa? Amekuuliza habari ya mkojo, homa, dawa unazotumia, uliangukaje? Amekugonga goti kuona kama mguu unaruka, amekujaribu nguvu ya vidole? Asiyeuliza hajui anachokitafuta.

Sisi Waislamu jambo hili lina uzito wa ziada. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, ametufunza kwamba anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kwa elimu ya utibabu, hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Nia njema haimwondolei dhamana. Na elimu ya mwili si ya kigeni kwetu. Ibn an-Nafis, aliyefanya kazi Kairo, aliandika mwaka 1242 kwamba damu hutoka upande mmoja wa moyo ikapita mapafuni ndipo ikafika upande wa pili, na hiyo ni karibu miaka 400 kabla ya William Harvey wa Uingereza kuchapisha kitabu chake mwaka 1628. Aliijua njia ya damu kwa kusoma na kufikiri, hakuijua kwa kubahatisha.

Magharibi ilipoadhiniwa kijana alifunga daftari. Hakuuliza tena masomo haya ni ya nini. Njiani kwenda msikitini tulimkuta jirani yetu amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wake, mkongojo pajani. Tukampa salamu. Akamwambia mpwa wangu, "Nasikia waenda kusomea migongo. Soma vizuri, mwanangu. Ukirudi, mimi utanikuta papa hapa."

Kijana akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "InshaAllah, ami," akasema.

Dada yangu bado hajaridhika kabisa. Lakini jana alinipigia simu kuniuliza nauli ya Durban.